Nakala Iliyobaki Begini

Kigwa,
18 Februari 2024

Mwanangu Dionis,

Mwangaluka huko uliko. Sisi hapa hatujambo, ila mguu wangu wa kushoto umeanza tena uchokozi wake, na mvua za mwaka huu zinauunga mkono. Karanga za bondeni zimeozea ardhini. Mizinga iko salama, asali tutapata. Baba yako Masolwa ni mzima na kichwa kimemvimba kwa sifa: ile picha yako umevaa koti jeupe ameitundika juu ya redio, na hakuna mgeni anayepewa kiti kabla hajaitazama. Mkeo Recheli msalimie, mwambie habari za ujauzito wake nimezisikia kwa watu wa kanisani wakati mimi ndiye niliyepaswa kuambiwa wa kwanza. Nimesamehe.

Utashangaa kupata barua wakati nina simu. Simu hapa mpaka niende stesheni ndipo mtandao unakaa, na pale kila mtu ana masikio. Halafu wewe kwenye simu unasema, "Shangazi, nitakupigia," kisha unapotea. Barua angalau naweza kuisoma mara tatu.

Miezi mitatu imepita tangu tumzike Festo. Siku ile mwanangu alipofariki hospitali kule mjini, wewe ulikuwa Tabora kwa kazi za utafiti wenu, na nilimshukuru Mungu kwamba mtoto niliyemlea baada ya mama yake kufariki yupo wa kunishika mkono. Ulikuja na karatasi ukakaa nami kwenye benchi. Ukasema wakubwa wako wa chuo wangependa kuangalia kidogo kichwani mwa Festo, wajue kifafa chake kilitoka wapi. Nikasaini. Kwa nini nisisaini, wakati aliyeileta ni wewe?

Nakala uliyoniachia niliiweka kwenye boksi la vyeti vya ubatizo. Juzi nikavaa miwani nikaitoa. Kiingereza kitupu, kurasa tatu. Nilichotambua ni jina la Festo na sahihi yangu. Naomba uniandikie kwa Kiswahili inasema nini, mstari kwa mstari. Ningeweza kumpa mwalimu Advera wa sekondari anisomee, lakini sipendi mambo ya Festo yajulikane kwa mtu baki kabla sijayajua mimi.

Novemba tutabariki msalaba wa kaburi lake. Kabla ya siku hiyo nataka nijue nilisaini nini.

Nabaki shangazi yako anayesubiri posta,
Veneranda

---

Dar es Salaam,
16 Machi 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi mno kupata barua yako, hasa kuona mwandiko wako ule ule wa kulala upande mmoja. Sisi ni wazima. Recheli anaomba radhi kwa habari kufika kanisani kabla yako. Kosa ni langu. Anaendelea vizuri, kliniki wanasema mtoto yuko sawa. Joto la hapa ndilo linalotusumbua, na maji hutoka siku mbili kwa wiki.

Kazi imeongezeka. Pamoja na utafiti wangu wa shahada ya uzamili, idara imenipa kusaidia kufundisha anatomia kwa mwaka wa kwanza, wanafunzi karibu mia mbili. Siku ya kwanza wakiingia kwenye chumba cha mafunzo huwa wananong'ona kama wako kanisani. Baada ya mwezi wanazoea. Wiki hii tumefuata neva ya usoni, tangu inapotoka kwenye shina la ubongo, ikapita kwenye mfupa nyuma ya sikio, mpaka inapotawanyika shavuni. Wiki ijayo tunaanza ubongo wenyewe. Watu hudhani ni kitu kikubwa sana, kumbe una kilo moja na robo na kitu, na ukiushika kabla haujawekwa kwenye dawa ni laini kiasi kwamba unaweza kuharibika kwa kidole. Kila mara nikifundisha hayo namkumbuka Festo. Unajua ni kwa ajili yake niliingia kwenye masomo haya.

Kuhusu karatasi, usijali Shangazi. Ni fomu ya kawaida ya taratibu za utafiti, imejaa lugha ya kisheria ambayo hata sisi hutuchosha. Nikipata nafasi nitakutafsiria vizuri.

Nimekutumia dawa ya kupaka mguu kupitia kwa kijana wa Masanja anayekuja Tabora. Paka asubuhi na jioni, usiuchue kwa nguvu.

Msalimie Baba. Mwambie picha ile si ya kutundika, nilikuwa sijanyoa ndevu.

Mwanao,
Dionis

---

Kigwa,
11 Aprili 2024

Dionis,

Pasaka tumeila salama, tulikuwa na kuku na wali. Barua yako ilikaa posta Tabora mpaka nilipopeleka asali dukani kwa Kassamali, ndipo nikaichukua. Dawa nimepaka. Inanukia vizuri, mguu uko vilevile.

Umeniandikia kurasa mbili. Nimejua wanafunzi wako ni mia mbili, nimejua neva ya usoni inapita wapi, nimejua ubongo una kilo moja na robo na kitu. Juu ya karatasi umeandika mistari mitatu, na mmojawapo ni wa kuniambia nisijali. Ulikuwa hivi hivi tangu mdogo. Ukivunja chungu unafagia uwanja mzima.

Acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ya kuaga, mlimleta Festo amevikwa kofia ya sufu ya bluu. Festo hakuwahi kuvaa kofia, alikuwa anasema inambana. Nilinyoosha mkono niivue. Halafu nikaurudisha. Watu walidhani nimezidiwa, wakanishika mabega, lakini sikuwa nimezidiwa. Niliogopa nitakachokiona, nikachagua kutojua. Mimi mama yake. Naona aibu hata kuliandika.

Na kuna lingine. Nikitoka kwa Kassamali nilipita mtaa wa Mtendeni nikakutana na Bertila. Unamkumbuka, jirani yetu tuliyekuwa tunaazimana naye chumvi na moto. Festo alipoanguka mara ya kwanza, akiwa na miaka tisa, alikuwa ametoka kula viazi kwake. Maneno kwamba amemroga niliyasema mimi. Niliyasema mara moja tu, kisimani, wala sikuhitaji kuyarudia. Bertila hakumaliza mwezi hapa Kigwa. Juzi alinitazama, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Basi nimekaa nafikiri: kama wakubwa wako waliangalia kichwani mwa Festo, waliona nini? Je, ni yeye au si yeye? Miaka ishirini na mitano nimemnyima salamu.

Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa hadi pwani na kurudi na nguo. Safari moja walikwenda wawili na ndugu yake, akarudi peke yake. Baba yangu alituhadithia kwamba aliingia hapa mchana, mzigo begani, na hakuna aliyempokea mzigo wala kumpa maji mpaka aseme mwenzake amelala wapi na amelazwaje. Ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba yetu. Akasema amesimama: nilimwacha porini akiwa bado anapumua, nikaogopa kuachwa na msafara. Aliishi na aibu hiyo hadi kufa kwake, lakini alikwisha kuisema. Wewe umerudi kwetu ukashushwa mzigo na kuchinjiwa mbuzi, na hatukukuuliza kitu.

Sasa nakuuliza. Karatasi inasema nini?

Shangazi yako,
Veneranda

---

Dar es Salaam,
27 Mei 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Recheli alilazwa siku nne kwa malaria, sasa yuko nyumbani na mtoto tumboni hajambo. Baba alinipigia kuuliza kama kweli nitaitwa daktari nikimaliza, nikamwambia nitaitwa mhadhiri, akasema tofauti ataijua yeye.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ni kweli kwamba kichwa cha Festo kilifunguliwa. Ilifanyika kwa uangalifu, kwa mstari unaopita nyuma kutoka sikio hadi sikio, na kikashonwa vizuri. Kofia niliinunua mimi pale sokoni, ili wewe na wengine msisumbuke macho. Kilichochukuliwa ni sampuli, yaani kipande kwa ajili ya kuangaliwa kwenye hadubini. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema kwa kifupi.

Majibu bado yanachambuliwa. Utafiti huchukua muda, Shangazi. Yakiwa tayari nitakueleza nikija.

Uwe na amani.
Dionis

---

Kigwa,
20 Juni 2024

Dionis,

Hatujambo.

Nilimpelekea mwalimu Advera karatasi. Nilikuwa nimekusubiri miezi minne. Alianza kunisomea, akafika ukurasa wa pili akaniuliza kama nimekaa vizuri. Akasoma sentensi moja. Nikamwambia akomee hapo, nikachukua karatasi yangu nikaenda nyumbani.

Ubongo wote. Si kipande.

Wa Festo ulikuwa na kilo ngapi?

Veneranda

---

Dar es Salaam,
31 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo, ingawa sijui kama ninastahili marahaba yako.

Nimeanza barua hii mara sita au saba tangu Julai. Zote zilianza na habari za Recheli na hali ya hewa. Recheli alijifungua salama tarehe 3 Agosti, mtoto wa kike. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani, na nimeiweka hapa ili nisijifiche nyuma yake.

Gramu elfu moja mia mbili na tisini. Niliupima mwenyewe.

Siku ile hospitali nilikuwa na fomu mbili begini, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili. Utaratibu wetu ni kwamba ndugu wa marehemu anasomewa ile ya Kiswahili kwa sauti, neno kwa neno, kisha anaulizwa kama ameelewa, kisha anaachwa peke yake afikiri. Fomu ya Kiswahili inasema: "Ninakubali ubongo wote wa ndugu yangu utolewe na kuhifadhiwa chuoni kwa ajili ya utafiti, na ninafahamu kwamba hautarudishwa nisipoomba kwa maandishi." Maneno hayo nayatamka mbele ya wanafunzi mia mbili bila kukohoa. Mbele yako sikuweza. Ulikuwa umeshika kandambili moja ya Festo, nyingine ilikuwa imepotea kwenye gari lililomleta, nami nikaona siwezi kumtajia shangazi yangu ubongo wa mwanawe kama mtu anayetaja kitu cha sokoni. Nikasema, "kuangalia kidogo kichwani."

Ningependa kuishia hapo, ionekane ni heshima tu iliyonifunga mdomo. Lakini ninajua kwa nini nilikupa ya Kiingereza. Ni kwa sababu unasoma Kiswahili. Unasoma masomo kanisani tangu mimi sijazaliwa. Ningekupa ile ya Kiswahili ungeisoma yote, na ungesema ngoja kwanza nimuulize Padre, au ungekataa, na ubongo usipochukuliwa mapema haufai tena. Tulikuwa na bongo kumi na moja za watu wenye kifafa. Nilimtaka wa kumi na mbili. Nilimtaka Festo hasa, kwa sababu historia yake yote niliijua, siku alipoanguka mara ya kwanza nilikuwepo. Ya Kiswahili niliiacha begini makusudi. Nilikufanya mtu asiyejua kusoma ili nipate nilichotaka.

Halafu uliponiuliza, nikakuandikia "kipande."

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikwenda kwa msimamizi wangu, Dk. Damyanti. Ni mtu wa Tabora mjini, amekulia nyuma ya duka la baba yake. Nilimweleza yote. Aliniuliza swali moja tu: "Huyo mama anajua kusoma?" Nikasema anajua, ni msomaji kanisani. Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Basi hukuomba ridhaa yake, Dionis. Ulimwibia." Amelipeleka suala langu kwenye kamati ya maadili. Utafiti wangu umesimamishwa, na Festo ameondolewa kwenye hesabu ya ripoti. Sijui kama nitamaliza shahada. Baba bado sijamwambia.

Sasa, kilichoonekana. Uliuliza kama ni Bertila. Si Bertila. Hakuna aliyemroga Festo. Ndani ya ubongo wake kulikuwa na mafundo kumi na manne yaliyokauka, magumu, kila moja kama punje ya mtama. Hao ni watoto wa tegu wa nguruwe, yule mnyoo mrefu wa tumboni. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva anaweza kupata tegu tumboni, na mayai ya tegu hutoka naye chooni. Mayai hayo yakiingia kwenye chakula au maji ya mtu mwingine, watoto wa tegu huweza kupanda hadi kichwani na kukaa huko. Wakifa, kovu lao linaanza kumtupa mtu chini. Tunaliona mara nyingi.

Hilo nalijua tangu Januari. Nimekuacha miezi minane unampita Bertila njiani, wakati jibu lilikuwa mezani kwangu. Nilinyamaza kwa sababu nikikuambia kilichoonekana, ungeuliza kilionekanaje.

Na kwa sababu nyingine, ambayo sijaisema hata kwa Recheli. Mwaka ule Festo alipoanza kuanguka, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa ninatoa chooni vipande vyeupe, bapa, kama utepe. Nilivijua si vya kawaida. Niliona haya kukuambia. Nilivifukia kwa majivu, na ilikwenda hivyo mwaka mzima, mpaka tulipopewa dawa ya minyoo shuleni. Na wewe ukiwa shamba, mimi ndiye niliyekuwa namkatia Festo tonge na kumwekea mkononi. Siwezi kuthibitisha kitu. Huenda tegu alikuwa wa mtu mwingine. Lakini nimekwisha kuzihesabu zile punje chini ya taa, Shangazi, na ninajua nilikuwa nani katika nyumba ile.

Ubongo wake uko kwenye chombo chenye namba kumi na mbili. Sehemu ndogo ilikatwa ikawekwa kwenye vioo vya hadubini, ishirini na viwili. Sehemu nyingine yote iko pamoja. Dk. Damyanti amesema hakuna atakayegusa kitu mpaka wewe useme unataka nini.

Nimeambatanisha ile fomu ya Kiswahili. Nimechelewa miezi tisa.

Sijui nimalizieje.
Dionis

---

Kigwa,
13 Oktoba 2024

Dionis,

Marahaba. Hiyo siwezi kukunyima, ni ya umri wangu na si ya matendo yako.

Mtoto wa kike tumempokea kwa furaha, nimepiga vigelegele peke yangu uani. Mvua bado, jua linachoma, nyuki wamehama mizinga miwili. Mguu ni ule ule.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Siku ya tano nikamwita baba yako nikamsomea yote, hata pale pa tegu. Alichukua panga akaenda kukata miti ya uzio ambao hauhitaji kutengenezwa, na ndivyo anavyofanya mpaka leo. Usimpigie bado.

Nimekukasirikia, na hasira hiyo usitegemee itaisha kwa sababu umeandika vizuri. Kwamba ulitaka kujifunza kwa Festo, hilo naweza kulielewa. Linalonichoma ni benchi lile. Nilikuwa nimeshika mkono wako, nawe unachagua ni karatasi ipi nisiyoweza kuisoma.

Kuhusu tegu. Umesema mwenyewe huwezi kuthibitisha, basi usiniletee nusu ya jambo halafu ukaligeuza kuwa adhabu yako. Nguruwe walikuwa wangu. Walizurura wanavyotaka. Choo kilianguka kwa mvua mwaka uliotangulia, nikasema nitajenga baada ya mavuno, na mavuno yakapita mawili. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeona haya kumwambia shangazi yake hali ya tumbo lake, aliona haya kwa sababu shangazi huyo alikuwa mkali. Tulikuwa wengi katika nyumba ile.

Nimekwenda Mtendeni. Bertila anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Akasema, "Keti, Vene," kama vile nilitoka kwake jana. Nikasema siketi kwanza. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni: kwamba ni mimi niliyesema maneno yale kisimani, kwamba yalikuwa uongo, kwamba Festo alikuwa na ugonjwa wa minyoo uliopanda kichwani, na kwamba umeonekana kwa macho chuoni Dar es Salaam.

Hakuacha kuchambua. Akaniuliza, "Kwa hiyo mpaka wamempasua mtoto ndipo mkanijua?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Miaka ishirini na mitano niko hapa, Vene. Ungeniuliza mimi."

Hakunifukuza, na hakunisamehe. Alinipa maji nikanywa, nikaondoka. Ijumaa ijayo nitapita tena. Nimewaambia akina mama wa jumuiya kanisani pia, kwa mdomo wangu, wote wakiwepo. Wawili waliinama chini, nikajua walikuwepo kisimani siku ile.

Sasa sikiliza ninachotaka. Festo namtaka nyumbani. Vyote vilivyo kwenye chombo hicho cha namba kumi na mbili uvilete, uvilete wewe mwenyewe, usimtume mtu. Fundi ameacha sehemu ya juu ya kaburi bila saruji. Padre nimekwisha kuongea naye. Tutamzika tena kimya kimya kabla ya kubariki msalaba, mimi, baba yako, wewe na Padre.

Vile vioo ishirini na viwili vibaki huko. Nimelifikiria sana hili. Kuna akina Bertila wengine wanaofukuzwa vijijini, na akina mama wengine kama mimi wanaosema maneno kisimani. Kama punje za Festo zinaweza kuwaonyesha madaktari hao wanaosoma, waonyeshwe. Mwambie Dk. Damyanti kwamba hilo nimelikubali kwa akili zangu timamu, na kwamba ninajua kusoma.

Fomu ya Kiswahili uliyoniletea nimeisoma yote, kurasa tatu. Ni Kiswahili kizuri. Hakuna neno hata moja lililonishinda. Lakini sijaisaini, na hapa peke yangu sitaisaini. Utakapokuja utakaa na mimi, utaishika mkononi, na utanisomea kwa sauti tangu juu hadi chini kama ulivyotakiwa kufanya siku ile, halafu ndipo nitaandika lipi ndiyo na lipi hapana.

Ukifika yale maneno yaliyokushinda, mimi nitaangalia pembeni. Lakini utayasoma.

Shangazi yako,
Veneranda